Mchezo wa Usukani

Pikapu yangu ilikuwa na mchezo.
Si wa watoto, wala wa bao:
vidole vinne kushoto, vidole vinne kulia,
usukani unazunguka na magurudumu hayana habari.

Miaka mitatu niliishi nao.
Nilijua kukata kona ya Pongwe
kabla kona yenyewe haijafika,
nikilitangulizia gari salamu
kama mtu anayezungumza na bibi yake aliyepungua masikio:
unasema, unangoja, unarudia,
ndipo anageuka.

Machungwa ya Muheza hayakulalamika.
Aliyelalamika ni Mwanakombo, mke wangu,
siku alipokaa mbele na trei ya mayai mapajani:
"Baba Riziki, wewe unaendesha au unaomba?"

Jumatatu nikaenda kwa Shekigenda,
Ngamiani, barabara ya kumi na saba,
nyuma ya mashine ya kukoboa,
gereji isiyo na bango,
mabati matatu tu na vumbi la pumba.
Hakufungua boneti. Hakuuliza gari la mwaka gani.
Alitandika gunia, akaingia uvunguni chali.
"Kaa juu. Tikisa usukani. Kidogo,
kama unambembeleza mtoto wa jirani."

Nikatikisa.
Chini yangu vidole vyake vilipita
kiungo hadi kiungo, vikisikiliza,
na mimi juu sioni kitu,
nasikia sauti yake tu ikipanda
kupitia sakafu iliyotoboka:
"Hiki kizima. Tikisa. Hiki kizima. Tikisa.
Ngoja.
Tikisa tena.
Huyu hapa mwizi."

Tok. Tok.
Sauti ndogo,
ya mdai mstaarabu anayebisha hodi.

Mpira wa tairodi ulichanika zamani, grisi ikakauka,
mchanga wa barabarani ukaingia, ukakaa,
ukala chuma taratibu, bila ugomvi.

Kufungua ndiko kulikokuwa na kazi.
Pini imeota kutu, nati imekataa katakata,
nyundo mbili, moja huku moja kule, zikagonga kwa pamoja
mpaka mwenye mashine akazima mota
aje kuuliza kuna nini.
Kichwa kilipotoka, Shekigenda akanitia nacho kiganjani:
kimelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Hesabu," alikuwa amemwambia kijana wake, Sekiete.
"Hesabu mizunguko kinavyotoka,
kipya kirudi kwa idadi ileile."
Kufika kumi na nne
akapita binti wa mbaazi na baiskeli yake.
"Kumi na nne," akasema Sekiete. Akanyamaza.
"Au kumi na tano."
Mzee hakugomba.
Alifunga kipya kwa kubahatisha,
akatoa mfukoni kamba ya katani,
akaivuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele,
akafumba jicho moja,
akazungusha, akavuta tena, akazungusha.
"Kumi na tano," akasema. "Na nusu."

Nikalipa elfu arobaini na tano,
na soda ya Sekiete, asiyeistahili.

Nikashika njia ya Pongwe.
Kona ilipokaribia mikono ikatangulia, kama ilivyozoea,
na gari, kwa mara ya kwanza,
likasikia neno la kwanza.
Nusura niingie mkongeni.

Nikasimama pembeni, injini inanguruma,
nikaitazama mikono yangu.
Fundi alishika kila kiungo cha gari.
Hivi viwili hakuvigusa.

Nyumbani nilimweleza Mwanakombo yote,
akacheka hadi akaweka sahani chini.
Baadaye, tunakula, akaanza kusema jambo
juu ya ada ya shule,
nami nikamjibu kabla hajafika katikati.
Akaniangalia.
"Subiri," akasema.
"Kona bado."